Kutoka Mizani hadi Uzi wa Kioo: Upimaji wa Miundo Mikubwa katika Ukanda wa Busia na Tororo

Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 huvuka mpaka Malaba, mji ambao upande mmoja umo Kaunti ya Busia nchini Kenya na upande wa pili Wilaya ya Tororo nchini Uganda. Kwa muda mrefu madaraja ya ukanda huu yamekaguliwa kwa macho ya fundi, nayo barabara imelindwa kwa mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu uzito usiozidi tani 56. Mizani, hata hivyo, hupima lori, daraja halipimwi.

Upungufu huo unadhihirika Jinja. Bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954, na hadi daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2018 malori yatokayo Busia na Malaba yalivukia juu yake. Zege la jengo la mitambo limepatwa na mmenyuko wa alkali na silika: jeli huzaliwa ndani, hufyonza maji, hutanuka, na nyufa hufuata. Utanukaji huo haulingani kila mahali. Kipimo kilichofungwa nukta moja hakiujui ufa ulio mita mbili kando.

Mwaka 1989 watafiti wa Japani walionyesha kuwa masafa ya mwanga unaotawanyika ndani ya uzi wa kioo hubadilika uzi unapovutwa. Muda wa mwanga kurejea huonyesha mahali. Badiliko la masafa huonyesha kiasi cha mvuto. Uzi mmoja basi huwa maelfu ya vihisi. (Joto nalo huyabadilisha masafa, hivyo huhitajika uzi wa pili usiovutwa, wa kulinganishia.)

Mikongo ya baharini ilitua Mombasa mwaka 2009, na faiba ikavuka mpaka kuingia Uganda. Mtu aweza kudhani kwamba vihisi tayari vipo. Sivyo kabisa. Mkongo wa mawasiliano huundwa makusudi ili uzi ulegee ndani ya mrija. Waweza kusikia mtetemo wa treni, lakini kunyumbuka kwa daraja hauwezi kukupima. Kwa kazi hiyo uzi sharti ushikamane na chuma au uzikwe ndani ya zege.

Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa reli ya kisasa ya kilomita 272 kati ya Malaba na Kampala. Uzi ukiingizwa katika michoro ya madaraja yake, utafungwa pamoja na nondo kabla ya zege kumwagwa, nao utatoa vipimo vya siku ya kwanza, kabla treni yoyote haijapita. Ukibandikwa miaka ishirini baadaye, utaeleza mabadiliko ya tangu siku hiyo tu.