Mwanga na Ushahidi: Historia Fupi ya Kingamwili Zing'aazo katika Utafiti wa Peptidi za Ubongo

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanasayansi walivyofaulu kuziona peptidi ndani ya ubongo kwa msaada wa kingamwili zilizoungwa na rangi ing'aayo. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, na baadhi yake hupeleka habari kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Swali tutakalolifuata ni moja tu: mwanga unapoonekana katika hadubini, unathibitisha nini hasa?

Mwaka 1931, mjini London, Ulf von Euler na John Gaddum walipata katika ubongo na utumbo wa farasi kitu kilichoshusha shinikizo la damu na kukaza misuli ya utumbo. Kiliitwa dutu P. Ilipita miaka 40 hivi kabla Susan Leeman na wenzake hawajaonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba dutu hiyo ni mnyororo wa asidi amino 11. Hata hivyo, kupima kilichomo katika ubongo uliosagwa ni jambo moja, na kujua kilikaa katika seli ipi ni jambo jingine. Ubongo ukishasagwa hautunzi tena mpangilio wa seli zake.

Njia iliyohitajika ilikuwa imekwisha kubuniwa kwa haja nyingine. Albert Coons, tabibu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitaka kuviona vijidudu na mabaki yake ndani ya tishu. Mwaka 1941, yeye na wenzake walitangaza kwamba wameunga rangi ya buluu na kingamwili za nimokoki bila kuziharibu. Lakini tishu zenyewe nazo hutoa mwanga wa buluu, basi ishara ikapotea ndani ya mwanga huo. Mwaka 1942 wakatumia fluoresini, yenye mwanga wa kijani. Vita vikaichelewesha kazi hiyo hadi mwaka 1950, Coons alipoiendeleza pamoja na Melvin Kaplan. Aidha, utengenezaji wa rangi ile ulihitaji fosjeni, gesi yenye sumu kali. Mwaka 1958 ilipatikana fluoresini ya namna nyingine, iliyo salama na rahisi zaidi kutumia, na njia hiyo ikaenea katika maabara nyingi.

Kwa peptidi za ubongo, utaratibu ni huu. Peptidi ni ndogo mno kuuamsha mwili ujikinge. Kwa hiyo huunganishwa kwanza na protini kubwa, kisha sungura hudungwa mchanganyiko huo. Seramu yake yenye kingamwili humwagiwa juu ya kipande chembamba cha ubongo. Baadaye huongezwa kingamwili ya pili, yenye rangi, ambayo huishika ile ya sungura. Kwa njia hiyo, mwaka 1975, Tomas Hökfelt na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, waliionyesha dutu P katika neva za hisia ziingiazo kwenye ugwe wa uti wa mgongo. Mwaka 1977 wakaonyesha peptidi iitwayo somatostatini katika seli za neva zitumiazo noradrenalini. Imani ya kwamba kila seli ya neva hutumia kemikali moja tu ikatikisika.

Hata hivyo, kingamwili haiutambui mnyororo mzima. Huishika sehemu yake fupi tu. Dutu P ina ndugu, mathalani nyurokinini A, na ncha zao za mwisho zinafanana. Kingamwili iishikayo ncha hiyo yaweza kuwashika wote. Ndiyo maana watafiti waangalifu hawakuandika kwamba wameona dutu P, bali waliandika kwamba wameona mwitiko unaofanana na wa dutu P. Walizoea pia kuichanganya kingamwili na peptidi yake kabla ya kuitumia: mwanga usipotoweka, kingamwili ina kasoro. Lakini mwanga ukitoweka, bado ndugu wa peptidi hiyo hawajaondolewa katika shaka, maana nao hushikwa mahali pale pale. Jaribio kali zaidi lilikuja baadaye, nalo ni kumtumia mnyama aliyeondolewa jeni ya peptidi inayotafutwa. Mwanga ukiendelea kuonekana kwake, ni mwanga wa kitu kingine.

Tatizo hilo halijaisha. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wanasayansi zaidi ya 100, walidai katika jarida la Nature kwamba kingamwili za utafiti zitambulishwe kwa mfuatano wa jeni zake, ili kila maabara ijue inatumia nini.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ni mvua. Mwanga wa kijani huonyesha mahali kingamwili iliposhika. Jina la kilichoshikwa halina budi kuthibitishwa kwa njia nyingine. Hadhari hiyo iliyomo katika maneno "unaofanana na" haikuwa woga wa waandishi, bali ni sehemu ya ugunduzi wenyewe.