From the Inside (albamu ya Laura Pausini)

From the Inside ni albamu ya mwimbaji wa Italia Laura Pausini, iliyotolewa na kampuni ya Atlantic Records mnamo Novemba 2002. Ndiyo albamu yake ya kwanza kuimbwa kwa Kiingereza, na ilikusudiwa kumfungulia soko la Marekani. Mauzo yake huko yalikuwa hafifu.

Pausini alizaliwa Faenza tarehe 16 Mei 1974, akalelewa Solarolo, mji mdogo katika jimbo la Emilia-Romagna. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa mikahawani, na binti alianza kuimba naye mbele ya watu akiwa na miaka 8. Mwaka 1993 alishinda kitengo cha wasanii chipukizi katika Tamasha la Sanremo kwa wimbo "La solitudine", unaohusu kijana aitwaye Marco aliyeondoka na kumwacha msichana na upweke wake. Mwaka uliofuata aliurekodi kwa Kihispania, ukaitwa "La soledad", na Marco akabaki Marco. Tangu hapo akawa na desturi ya kutoa albamu moja katika nakala mbili, muziki uleule kwa maneno ya lugha mbili: Le cose che vivi na Las cosas que vives (1996), La mia risposta na Mi respuesta (1998), Tra te e il mare na Entre tú y mil mares (2000). Kihispania chake kilikubalika kiasi kwamba wasikilizaji wa Hispania na Amerika ya Kusini walimchukua kama msanii wa nyumbani.

Kiingereza hakikuwa kigeni kabisa kwake. "La solitudine" uliwahi kupata maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa na Tim Rice, na mwaka 1999 Pausini aliimba "One More Time" kwa ajili ya filamu Message in a Bottle. Lakini albamu nzima ni mzigo mwingine. Nyimbo zake za Kiitaliano zilikuwa zikiandikwa na watu wanaomjua, mmojawapo Cheope, naye mwenyewe akitia mkono. Katika From the Inside, sehemu kubwa ya nyimbo ilitoka kwa watunzi waliozoea redio za Marekani. Sauti ni ileile, pana na yenye nguvu. Kilichopungua ni kisa: mapenzi yanatajwa kwa ujumla tu, na humo hayumo Marco yeyote wa kumlilia. "Surrender" unasimama imara, na "It's Not Good-Bye" unampa nafasi ya kuachia pumzi yake yote. Nyingi kati ya zilizobaki zinapita bila kuacha alama, na hilo linauma kwa kuwa mwimbaji hakosi popote.

Mgogoro ulizuka kwenye utangazaji. Remiksi za "Surrender" na "If That's Love" zilifika namba 1 katika chati ya Billboard ya muziki wa vilabu vya dansi, na Atlantic ikazidi kumtangaza kwa njia hiyo. Pausini hakukubali. Yeye ni mwimbaji wa nyimbo za taratibu zinazopanda hatua kwa hatua hadi kilele, na mashabiki wa madisko hawakuwa wale waliompenda. Aliacha kampeni ya Marekani.

Mwaka 2004 alirudia desturi yake kwa Resta in ascolto, iliyotoka kwa Kihispania kama Escucha. Nakala hiyo ya Kihispania ndiyo iliyomletea Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya pop ya Kilatini mwaka 2006. Hollywood nayo ilimtunuku Golden Globe mwaka 2021 kwa "Io sì", wimbo alioutunga pamoja na Diane Warren na Niccolò Agliardi na kuuimba kwa Kiitaliano.