Ua Lililopoteza Jina la Sultani

Kamera nyingi ndogo za dijitali zina alama ya ua. Ukiichagua, lenzi inakubali kusogea karibu kabisa na kitu unachopiga, sentimita chache tu. Mimi niliigundua alama hiyo uani kwetu, Mji Mkongwe, nikiwa nimechuchumaa mbele ya vyungu vya bibi. Tangu siku hiyo asubuhi zangu za Jumapili zimekwisha.

Ua moja ndilo lililonipeleka kwenye vitabu. Ni lile dogo linalopenda kivuli, lenye petali tano bapa, jekundu au la rangi ya waridi. Kwa mbali halina makuu. Lisogelee, utaona nyuma yake mkia mwembamba kama uzi uliopinda. Ndani ya mkia huo mna utamu, na vipepeo wanaufikia kwa mirija yao mirefu.

Ua hilo, ndugu msomaji, liliwahi kubeba jina la Sultani wa Zanzibar.

John Kirk, daktari wa Kiskoti, alifika Unguja mwaka 1866 kufanya kazi kwenye ubalozi wa Uingereza. Shuleni tulimsoma kwa mkataba wa 1873, pale Sayyid Barghash alipokubali kufunga soko la watumwa. Hatukuambiwa kwamba alikuwa pia mtaalamu wa mimea na mpiga picha, aliyebeba kamera mpaka Mto Zambezi kwenye msafara wa Livingstone ulioanza 1858. Kule Mbweni, kusini mwa mji, alikuwa na nyumba na bustani, na kutoka Unguja alikuwa akipeleka mimea bustani ya Kew, London.

Mmoja wa mimea hiyo ni huu wetu wa chunguni. Mwaka 1882 Joseph Hooker wa Kew aliutangaza katika jarida la Curtis's Botanical Magazine kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani. Pamoja na kwamba aliyeupeleka alijua kamera, ua lilichorwa. Picha za wakati ule hazikuwa na rangi, na ua bila rangi ni nusu ya habari. Jarida hilo liliendelea kupaka michoro yake rangi kwa mkono mpaka 1948!

Jina lakini halikudumu. Wataalamu walikuja kukubaliana kwamba mmea huo ni uleule uliokwishapewa jina mwaka 1868, Impatiens walleriana, kwa ajili ya mmisionari Horace Waller. Kwenye majina ya mimea utaratibu ni wa foleni: aliyetangulia ndiye anayehudumiwa. Sultani alichelewa miaka 14.

Ua jingine lina hadithi ya kinyume. Akina mama wa pwani wamejipamba kwa vilua tangu zamani kwa sababu ya harufu yake. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt wa Kew alipotaka jina la kisayansi la mti huo, hakutafuta mfalme wala mmisionari. Alichukua lile lililokuwa midomoni mwa watu: Mkilua fragrans, yaani mkilua unaonukia. Jina la Kiswahili likaingia kwenye sayansi na lipo mpaka leo.

Sasa nirudi uani. Nina mamia ya picha za maua, kali na zenye rangi zote, na nyingi kati yake zimehifadhiwa kwa namba tu. Kirk na wenzake walipokausha ua waliandika karatasi pembeni: jina, mahali, tarehe, nani alilichuma. Ndiyo maana ua la zaidi ya miaka mia moja bado linasema kitu. Zangu ni nzuri, lakini ni bubu.

Kwa hiyo siku hizi nikimaliza kupiga namwonesha bibi kwenye kioo cha kamera, naye ananitajia jina na kazi ya kila ua: hili la kikuba, hili la kutia nguoni, hili la harusi. Mengine anayataja mara moja. Mengine inabidi afikiri kidogo, na hapo ndipo ninapoogopa.

Je, kwenu nani anayajua majina? Muulizeni, na muandike.