Asiyeweza Kusema Bado Anafikiri

Leo tuzungumzie ubongo, ambao una nusu mbili.

Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, Ufaransa, alikuwako mgonjwa aliyetamka karibu neno moja tu: "tan". Hata hivyo alielewa mengi aliyoambiwa, na alijibu kwa ishara za mkono wa kushoto, kwani wa kulia ulikuwa umepooza. Alipofariki, Dkt. Paul Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta nusu ya kushoto imeharibika upande wa mbele.

Miaka mia moja baadaye, huko Marekani, Roger Sperry alichunguza wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamekatwa nyuzi zinazounganisha nusu hizo. Picha ikionyeshwa nusu ya kulia pekee, mgonjwa alisema hajaona kitu, lakini mkono wake wa kushoto ulipapasa na kukichagua kitu chenyewe! Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Basi, kwa watu wengi usemi hutoka kushoto, lakini nusu ya kulia nayo hutambua na kuamua. Tunafikiri kwa zote mbili.

Kwa hivyo, mzee akipatwa na kiharusi akashindwa kusema, msimwone mjinga wala msiseme amerogwa. Huenda anawaelewa. Zungumzeni naye polepole, naye ajibu kwa kichwa au mkono. Na mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mkimbizeni hospitalini saa hiyo hiyo.

Kwaherini.