Mnakodi nyumba nzima Tukuyu? Haya yajueni kabla ya kutuma hela

• Tukuyu inawafaa zaidi wanaokwenda Mlima Rungwe na Ziwa Ngozi. Kitulo ni safari ya siku nzima.
• Gharama zigawanywe kwa waliolipa, siyo kwa walioahidi kwenye kundi la WhatsApp.
• Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata baridi iwe kali namna gani.

Mbeya. Huenda mpo watu 10, 14 au hata 20. Ni ukoo, kwaya, wafanyakazi wa ofisi moja au washkaji mliosoma pamoja, na mmekubaliana kwamba safari hii siyo Zanzibar tena. Mtu mmoja akarusha picha ya mashamba ya chai na wingu limekaa juu ya mlima, wote wakasema “twende”. Vyumba vya gesti kwa idadi hiyo vinatawanya kundi, hivyo mkaamua kukodi nyumba nzima yenye sebule moja na jiko moja.

Wazo ni zuri. Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, ipo takribani kilomita 70 kutoka jijini Mbeya kwenye barabara ya lami ya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Chakula kipo tele, hewa ni safi na mji umetulia. Shida ni kwamba makundi mengi huchagua nyumba kwanza, halafu ndiyo huanza kuuliza wanakwenda kuona nini. Anzeni na hilo la pili.

Hifadhi ipi hasa?

Ukiandika Tukuyu kwenye matangazo ya nyumba mtandaoni, mara nyingi utakutana na maneno “karibu na Hifadhi ya Kitulo”. Neno karibu hapo limevutwa kidogo.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 na ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 413, juu kwenye uwanda wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya maua, siyo ya simba na tembo, kwa hiyo kama kuna mjomba anayesubiri kuona wanyama wakubwa mwambieni mapema. Kutoka Tukuyu mnarudi njia ya Mbeya hadi Isyonje, kisha mnakata kulia kupanda Kikondo kuelekea Makete. Kwa gari lenye watu wengi na watoto wanaotaka kushuka kila baada ya nusu saa, tengeni siku nzima na muondoke alfajiri.

Kama maua ndiyo sababu kuu ya safari yenu, mimi ningewashauri msilale Tukuyu kabisa. Laleni Matamba, yalipo makao makuu ya hifadhi. Huko mnapanda kutokea Chimala, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, kwa njia yenye kona kali nyingi sana. Dereva awe mzoefu wa milima.

Tukuyu ni kituo cha Rungwe. Mlima Rungwe una urefu wa takribani mita 2,960 na unapandwa na kushukwa kwa siku moja ndefu. Msitu wake ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2009, na humo anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005. Mwaka uliofuata aliwekwa kwenye jenasi yake mwenyewe, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Wazee wa pale walikuwa wanamjua siku zote, ila hakuna aliyewauliza.

Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta ya volkano, linafikiwa kupitia kijiji cha Isongole. Gari linaishia njiani, mnatembea msituni na mwisho kuna mpando mkali unaoteleza mvua ikinyesha. Bibi mwenye magoti mabovu abaki na wajukuu wadogo kwenye Daraja la Mungu, daraja la mwamba juu ya Mto Kiwira. Hapo hakuna kupanda mlima. Kijungu, mahali ambapo mto huohuo unazama kwenye shimo la mwamba, kipo ndani ya eneo la chuo cha Magereza Kiwira, hivyo mtapita getini na kujitambulisha.

Ada hazilipwi sehemu moja

Hapa waratibu wengi huumbuka. Kitulo ipo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (Tanapa). Msitu wa Mlima Rungwe upo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Risiti ya mmoja haikuingizi kwa mwingine.

Ada hutofautiana kati ya Mtanzania, raia wa Afrika Mashariki na mgeni wa nje, na kati ya mtu mzima na mtoto. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, siyo picha iliyo kwenye simu ya mtu mwingine. Gari nalo hulipiwa kivyake kwa kuangalia uzito na namba za usajili, na malipo ya Tanapa hufanyika kielektroniki. Pigeni simu ofisi za hifadhi siku chache kabla, muulize viwango vya sasa na mseme idadi yenu. Kundi likifika ghafla, hata wa kuwaongoza msituni huwa hatoshi.

Nyumba yenyewe: hesabuni mablanketi

Tangazo likisema “inalaza watu 14”, ulizeni kivipi. Mara nyingi ni vitanda saba, kila kimoja watu wawili. Kwa wanandoa sawa. Kwa kaka wa ofisini na bosi wake, hapana. Andikeni majina kwenye vitanda kabla ya kulipa, mtaona wenyewe nyumba inatosha au haitoshi.

Kisha mablanketi. Tukuyu ipo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na Juni na Julai usiku ni baridi ya kweli kwa mtu wa Dar au Tanga. Blanketi moja kwa kitanda halitoshi. Vyoo navyo: watu 14 na choo kimoja, safari ya saa 12 asubuhi itaanza saa tatu.

Kuna na suala la LUKU. Hita ya kuogea yenye nguvu ya kilowati 4 ikitumika dakika 10 kwa kila mtu, watu 14 wanakula zaidi ya uniti tisa kwa siku kwa kuoga tu. Nani ananunua? Iandikwe kwenye makubaliano, pamoja na uniti zilizokutwa kwenye mita mlipoingia. Ulizeni pia kama kuna tangi la maji la akiba, na kama sufuria ni za familia ya watu watano. Zikiwa ndogo, mwenye nyumba au msimamizi wake anaweza kuwatafutia vyombo vya shughuli vya kukodi hapo mtaani, na hata mama wa kupika. Mkifanya hivyo mtafika Ngozi mapema kuliko kundi linalobishana nani aoshe masufuria.

Chakula chenyewe siyo tatizo Rungwe. Ndizi, viazi, maharage, parachichi na maziwa vinapatikana soko la Tukuyu na kandokando ya barabara Kiwira. Mchele wa Kyela upo jirani kabisa. Msibebe magunia kutoka Dar, beba viungo na dawa za watu wanaotumia dawa.

Jiko la mkaa

Naomba sehemu hii msiiruke.

Baridi ikibana, mtu ataleta wazo la kuingiza jiko la mkaa chumbani ili kupasha joto. Nyanda za Juu Kusini watu wameshalala hivyo na hawakuamka. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inashikana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na ndiyo maana mtu anakosa hewa huku anapumua kawaida. Aliyelala haamshwi na chochote.

Mkaa mwekundu usiotoa moshi nao una gesi hiyo. Watu wengi hudanganyika hapo, wakidhani hatari ni moshi. Kuacha dirisha wazi kidogo siyo kinga ya kutegemea, na bakuli la maji karibu na jiko halisaidii kitu. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Mkiona watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanalalamika kichwa kwa wakati mmoja, msiwape dawa ya maumivu na kuwaambia walale. Watoeni wote nje kwenye hewa safi na muwapeleke hospitali. Hospitali ya wilaya, Makandana, ipo hapohapo Tukuyu, na upande wa Kiwira kuna Hospitali ya Igogwe. Mratibu ajue njia ya kwenda kabla ya usiku wa kwanza, siyo kuitafuta saa nane za usiku na mtandao unasuasua.

Njia salama ya kupata joto ni ya kizamani: soksi, sweta, blanketi la pili, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa taulo. Nyumba yenye sehemu ya moto iliyojengwa na dohani inayofanya kazi inaruhusiwa, ila moto uzimwe kabla ya kulala.

Hela ikae kwa nani?

Tuchukue mfano. Nyumba ni Sh240,000 kwa usiku, mnakaa siku tatu, jumla Sh720,000. Mkiwa 14 kila mtu anatoa karibu Sh51,500. Watatu wakijitoa wiki ya mwisho, waliobaki 11 wanatakiwa kutoa karibu Sh65,500, yaani Sh14,000 zaidi kwa kila mmoja. Mara nyingi anayebeba pengo hilo ni mratibu, kimyakimya, kwa sababu yeye ndiye aliyempa mwenye nyumba neno. Urafiki huharibika hapo.

Dawa yake ni kupanga tarehe ya mwisho ya kulipa, na nyumba ichukuliwe kwa idadi ya waliolipa. Ajitoaye baada ya hapo harudishiwi mpaka apate mbadala wake. Lisemwe mapema, hata kwa shemeji. Mtu mmoja apokee hela na mwingine aandike hesabu, kila mtu aione.

Kwa mwenye nyumba, msitume malipo yote kwa mtu mliyemwona kwenye picha tu. Ombeni simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue bomba na kuwasha taa. Kama mna ndugu Tukuyu, apite aione, kwa sababu picha ya sebule moja inaweza kuwa imewekwa kwenye matangazo matatu. Jina linalotokea mnapotuma hela lilingane na la mliyeelewana naye. Ukipata ujumbe wa kitapeli, namba iliyoutuma unaweza kuiripoti kwenda 15040.

Mkifika, msimamizi awapeleke au awataarifu viongozi wa mtaa kwamba nyumba ina wageni. Watu 14 wasiojulikana wakiingia usiku na Coaster lazima majirani waulize. Salimieni. Shikamoo inatosha, ila ukimwambia mzee wa Kinyakyusa “mugonile” utaona anavyocheka na kukuuliza wewe ni mtoto wa nani. Muziki mkubwa uishe mapema, maana kule watu wanaamka alfajiri kuwahi mashambani.

Mwende lini?

Hapa kuna mtego. Maua ya Kitulo hupendeza kati ya Desemba na Aprili, na huo ndio msimu wa mvua. Rungwe ni kati ya maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, na Aprili njia ya Ngozi huwa tope tupu. Agosti hadi Oktoba ndiyo rahisi kwa kutembea, lakini Kitulo inakuwa imekauka kwa kiasi kikubwa. Juni na Julai ni baridi.

Kwa kundi lenye wazee na watoto ningechagua Septemba na kusahau maua. Kwa vijana wanaotaka maua, Februari, pamoja na gari la kuhimili tope na siku moja ya ziada isiyo na ratiba. Mwisho wa Desemba nyumba hupatikana kwa shida kwa sababu wenyewe wanaoishi mijini wanarudi kula sikukuu kwao.

Kitulo msichume ua wala kuchimba mizizi. Mizizi ya okidi zake ilichimbwa sana na kuvushwa Zambia kutengeneza chakula kiitwacho chikanda, na kuizuia biashara hiyo ilikuwa moja ya sababu za eneo hilo kuwa hifadhi.

Siku ya kuondoka, piteni na msimamizi chumba kwa chumba kabla ya kupakia mizigo, mhesabu mablanketi na vyombo, mpige picha ya mita ya LUKU. Wanaopanda ndege waondoke na saa za ziada: Uwanja wa Songwe upo upande wa pili wa jiji la Mbeya, njia ya kwenda Tunduma, na foleni ya kuanzia Uyole kukatiza mjini haina huruma na mtu mwenye tiketi.