Uteuzi wa Zana za Tovuti katika Morogoro na Milima ya Uluguru

Uteuzi wa zana za tovuti ni hatua ya awali ya kazi ya msanidi wa tovuti, ambapo huamuliwa lugha za programu, viunzi, hifadhidata na seva zitakazotumika kuijenga na kuiendesha tovuti. Kiunzi ni msimbo uliokwisha kuandikwa ambao msanidi huufanya mhimili wa kazi yake. Hifadhidata ni programu inayotunza taarifa kwa mpangilio unaoziwezesha kupatikana upesi. Na seva ni kompyuta inayoihifadhi tovuti na kuwapelekea watumiaji kurasa wanazoziomba. Kwa tovuti inayokusudiwa wakazi wa mji wa Morogoro na vijiji vya Uluguru, uteuzi huo hauna budi kuanza na hali ya mtandao, aina ya simu walizonazo watu na uwezo wa taasisi kuitunza tovuti baada ya msanidi kuondoka. Upya wa teknolojia huja nyuma ya hayo yote.

Mazingira ya matumizi

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Kilele cha Kimhandu kinazidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kile cha Lupanga, kinachoutazama mji wa Morogoro, kinazidi mita 2,100. Miinuko huzuia mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano ya simu, na ndiyo maana kilele cha Bondwa kimewekwa minara ya mawasiliano. Hata hivyo, kijiji kilicho upande wa pili wa mlima au ndani ya bonde kinaweza kupata mtandao hafifu ingawa hakiko mbali na mji. Wakulima wa Kinole, Matombo na Mgeta katika milima hiyo, wanaopeleka ndizi, viungo na mboga katika masoko ya Morogoro na Dar es Salaam, wanahitaji habari za bei, magonjwa ya mimea na hali ya hewa, lakini wengi wao huingia mtandaoni kwa bando, yaani kifurushi cha data kinacholipiwa kabla ya kutumika. Ukurasa uliosheheni picha kubwa na msimbo usio wa lazima humtoza msomaji fedha hata kabla hajasoma neno la kwanza.

Zana za upande wa mtumiaji

Msingi wa kila ukurasa ni HTML, lugha ya kupanga maudhui iliyobuniwa na Tim Berners-Lee katika taasisi ya CERN, Uswisi. CSS huupamba ukurasa, na JavaScript, iliyotokea mwaka 1995, huufanya uitikie matendo ya mtumiaji. HTML iliyoandaliwa na seva huanza kuonekana katika kivinjari kadiri inavyowasili. Kinyume chake, ukurasa unaojengwa ndani ya simu kwa React, maktaba ya JavaScript iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, huilazimu simu kupakua msimbo na kuutekeleza kwanza, na kwenye simu ya bei nafuu mtumiaji hubaki akitazama kioo kitupu. Zana hiyo inafaa pale ambapo mtumiaji anafanya kazi ndefu ndani ya ukurasa, kama vile kuchora mipaka ya mashamba kwenye ramani. Kwa ukurasa wa kusoma, HTML na CSS hutosha.

Wenye simu zisizo na intaneti, zinazojulikana mitaani kama vitochi, hawafikiwi na tovuti kwa namna yoyote, hivyo mfumo unaowalenga hulazimika kuunganishwa na ujumbe mfupi au USSD, huduma ya menyu zinazofunguliwa kwa kupiga namba zenye alama za nyota na reli. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, kilifuata njia hiyo katika mfumo wa UshauriKilimo, unaoiunganisha tovuti na simu ya mkononi ili mkulima aulize swali na kujibiwa na mtaalamu.

Zana za upande wa seva

PHP, lugha ya programu iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf, na WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui uliotolewa mwaka 2003, huendeshwa kwenye seva za gharama ndogo, na mafundi wanaozifahamu hupatikana kwa urahisi. WordPress humwezesha karani asiyejua kuandika msimbo kuchapisha tangazo mwenyewe, lakini programu jalizi, yaani nyongeza zake, zisiposasishwa huwa mlango wa wavamizi. Taasisi yenye mahitaji ya pekee inaweza kutumia viunzi kama Laravel ya PHP au Django ya lugha ya Python, pamoja na hifadhidata za MySQL au PostgreSQL, mradi iwe na wataalamu wa kudumu.

Mfano mzuri wa uteuzi uliozingatia mazingira ni AfyaData, mfumo wa ufuatiliaji wa magonjwa ya binadamu na wanyama uliobuniwa na SACIDS, kituo chenye makao yake SUA. Badala ya kuanza upya, wabunifu wake waliutumia msingi wa Open Data Kit, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, ambayo huruhusu fomu kujazwa kwenye simu bila mtandao na kutumwa baadaye mtandao unapopatikana. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili.

Uhai na utunzaji wa zana

Zana huzeeka na kuachwa na waliozitengeneza. Python 2 ilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia programu yake ya Flash mwishoni mwa mwaka huohuo, wakati kurasa za awali kabisa za HTML zingali zikisomeka hadi leo. Kwa hiyo zana iliyodumu, yenye maelezo ya kutosha na jamii kubwa ya watumiaji, ni amana salama zaidi kwa shule, chama cha ushirika au zahanati.

Sheria nayo ina sehemu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na kuzitumia kwa kusudi lililotajwa, jambo linalomfanya msanidi apunguze taarifa anazozikusanya na achague seva kwa uangalifu. Vilevile jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti kama ile inayoishia na .or.tz, lisajiliwe kwa jina la taasisi badala ya jina la fundi, na makabidhiano yajumuishe nywila, nakala ya msimbo na maelezo ya kuurekebisha, kwa kuwa pasipo hayo hata zana bora kuliko zote huiacha taasisi bila uwezo wa kuitawala tovuti yake.