Uaminifu Pasipo Shahidi

Uaminifu wa mtu mbele ya macho ya wenzake ni jambo jema, lakini si kipimo kamili cha moyo wake. Hata mwizi huwa mwema penye askari. Kipimo kamili hupatikana mahali patupu: kaburi lisilo na mlinzi, njia isiyo na mpita njia, mali ambayo mwenyewe hayupo. Hapo mkono hauna bwana ila dhamiri. Insha hii yataka kukitazama kipimo hicho katika viunga vya Dar es Salaam, Kinondoni na Temeke, kwa kufuata habari za vitu vilivyowekwa au kufichwa, na habari za watu waliovikuta. Tutaanza na mchezo mmoja uliozaliwa juzi, kisha tutarudi nyuma kwa mambo ya kale; maana mchezo huo umeziandika kwa maneno machache adabu ambazo mwambao wetu ulizihitaji zamani, na kwa kuzikosa umepata hasara isiyolipika.

Mchezo wenyewe huitwa jiokashingi. Sisi tutauita mchezo wa maficho. Mtu hutwaa kopo lisilopenya maji, akatia ndani yake daftari dogo na vikorokoro vya thamani haba, akalificha mahali, kisha akawatangazia walimwengu tarakimu za latitudo na longitudo za mahali hapo. Mwingine, akiongozwa na chombo kinachopokea ishara za setilaiti, huenda akatafuta. Akiliona, huandika jina lake na tarehe katika daftari. Akitwaa kitu, huacha kingine cha thamani ile ile au zaidi. Kisha hulirudisha kopo pale pale lilipokuwa, ili ajaye nyuma yake alikute kama yeye alivyolikuta. Mwamuzi hapana, tuzo hapana, wala shahidi hapana. Mchezo mzima umesimama juu ya ahadi za watu wasiojuana.

Asili yake yajulikana kwa siku na mwezi. Mpaka mwanzo wa mwezi Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikizipotoa kwa makusudi ishara za setilaiti zake zilizowafikia raia, ili usahihi kamili uwe wa majeshi peke yake. Upotoshaji huo ulipokomeshwa, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer, tarehe 3 Mei 2000, aliweka ndoo msituni karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, ndani yake mkiwa na vitu mbalimbali, hata kopo la maharage, akawaalika watu waitafute. Lakini wazo la kuacha alama kwa mtu usiyemjua lilikuwa la zamani zaidi. Mwaka 1854 huko Dartmoor, Uingereza, kiongozi wa wasafiri James Perrott aliweka chupa penye bwawa la Cranmere, ili waliofika waache humo kadi za majina yao.

Sasa turudi kwetu. Katika pwani ya Mrima watu wa kale walikuwa na desturi ya kwenda penye mibuyu mikubwa, mapangoni na penye makaburi ya watu waliotukuzwa, wakaweka ubani, marashi, vitambaa, hata sarafu. Sadaka hizo zililala wazi juani na mvuani. Mtu mzima alizipita, na mtoto alionywa asizishike. Mtu aweza kubisha kwamba lililouzuia mkono hapo lilikuwa hofu ya mizimu, wala si uaminifu. Hoja hiyo ina nguvu, nasi hatutaikwepa. Hofu ni mlinzi mzuri, lakini ni mlinzi anayekufa; na siku anapokufa ndipo watu wajuapo kama nyuma yake palikuwa na adabu au hapakuwa na kitu.

Ushahidi wa jambo hili u Kunduchi, katika wilaya ya Kinondoni, upande wa bahari wa njia iendayo Bagamoyo. Mahali hapo, chini ya mibuyu, pana msikiti wa kale uliobomoka na makaburi ya mawe ya matumbawe na chokaa, mengi yao ya karne ya 18 na ya 19. Baadhi yana nguzo zilizosimama juu yake. Wajenzi walizipamba kwa mabakuli na sahani za kaure zilizotoka China, wakazipachika katika chokaa mbichi, nyuso zake zikimtazama mpita njia. Vyombo hivyo vilikuwa vimevuka bahari mbili mikononi mwa wafanyabiashara. Vingeweza kuliwa wali au kuuzwa sokoni. Badala yake walio hai walimpa maiti, wakaviacha wazi bila kufuli, kana kwamba wanaviambia vizazi vijavyo: tumewaamini.

Leo mwenye kuyatazama makaburi ya nguzo ya mwambao huu huona aghalabu mashimo ya duara, mfano wa macho yaliyotobolewa. Si kila chombo kilichotoka kiliibwa. Vingine vilivunjika kwa miaka, na vingine vilihamishwa makumbusho ili visalimike. Lakini vingine viling'olewa na watu waliopenda mapambo, au waliopenda bei yake, au waliotaka kumbukumbu ya matembezi ya siku moja. Mtu wa namna hii ya mwisho ndiye tunayemtaka zaidi katika insha hii, maana hakujiona mwizi. Alisema moyoni: mwenyewe amekufa, mlinzi hayupo, na kipande kimoja si kitu. Maneno haya matatu yamebomoa mengi kuliko mvua.

Hasara iliyopatikana yataka kufafanuliwa, kwa kuwa si hasara ya sahani tu. Mwaka 1955 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Uingereza, Mortimer Wheeler, alipita katika pwani ya Tanganyika. Alistaajabia wingi wa vigae vya kaure kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akaona kwamba historia ya nchi hii tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kaure za China. Maana yake ni hii. Kaburi lisilo na maandishi halisemi umri wake. Lakini bakuli lililopachikwa ndani yake hulisemea, kwa sababu namna ya bakuli na rangi zake zajulikana zilitengenezwa zamani zipi, na kaburi haliwezi kujengwa kabla ya bakuli lake kufinyangwa. Ling'oe bakuli, uliweke sebuleni: bakuli limebaki zuri, lakini limekuwa bubu, na kaburi nalo limekuwa bubu. Aliyetwaa chombo kimoja amenyamazisha mashahidi wawili.

Sarafu za mwambao zafundisha somo hilo hilo. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zenye majina yao, lakini hawakuandika mwaka. Hivyo sarafu moja katika kiganja cha mtu huweza kutaja jina na kunyamaza. Sasa tazama lililotokea Pemba. Mwaka 1984, katika Mtambwe Mkuu, palipatikana akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za kigeni. Zile za fedha hazikuwa na tarehe. Lakini dinari zilikuwa nazo, na zilipopimwa pamoja, wageni wale wa dhahabu waliwatolea wenyeji ushahidi wa umri wao, karne ya 11. Laiti aliyezikuta angalikuwa mtu wa tamaa, angaliuza dhahabu na kutupa fedha, na ushahidi huo ungalipotea kwa asubuhi moja.

Mfano wa pili watoka mbali, nao unafanana ajabu na mchezo wetu. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa za shaba katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Hakujua thamani yake. Akazitia katika kopo, zikakaa humo mpaka mwaka 1979, zilipopelekwa kwa wajuzi. Nne zilikuwa za Waholanzi, na tano za Kilwa. Zilifikaje huko? Hilo lingali fumbo. Lakini askari yule alikuwa amefanya tendo moja dogo lenye thamani kuliko sarafu zenyewe: alitia alama katika ramani kuonyesha mahali alipozikuta. Wataalamu walipokwenda kisiwani mwaka 2013, waliongozwa na alama ile. Mtu aweza kumlaumu kwa kutwaa. Lakini hakuua ushahidi, kwa sababu alihifadhi habari ya mahali.

Hapa ndipo twaona busara iliyomo katika daftari la mchezo wa maficho. Jina, tarehe, mahali, na kitu kurudishwa palipokuwa: mambo haya manne ndiyo Kunduchi iliyoyakosa. Mchezo umekifanya kuwa sharti kile ambacho wajuzi wa mambo ya kale hukitamani kwa kila mtu. Nayo sheria ya dini inayofuatwa na wengi wa mwambao haikuwa mbali na hayo: mwenye kuokota mali hutakiwa ajue alama zake, kisha aitangaze muda wa mwaka mmoja kabla ya kuitumia. Sheria ya nchi, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, humtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa, na humkataza mtu kuchimba pasipo kibali. Dini, dola na mchezo zimekutana katika neno moja: kuona si kumiliki.

Lakini adabu si ya mtafutaji peke yake; mfichaji naye anayo yake, na katika Dar es Salaam ni nzito kuliko msituni Oregon. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani, upande wa Kinondoni, likaua watu 11, asubuhi ile ile Nairobi ilipolia kwa maafa makubwa zaidi. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi huko Mbagala, wilaya ya Temeke, lililipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, na makombora yakatawanyika katika makazi. Mzazi wa Mbagala aliyemwonya mwanawe asiguse chuma chochote alichokiona uani alikuwa akimfundisha uhai. Basi mtu anayeficha kopo chini ya daraja au nyuma ya ukuta wa jirani, bila ya kumwambia mtu, hafichi kitu cha mchezo machoni pa wenyeji, anaficha hofu. Kwetu hata mgeni wa heri hupiga hodi. Mwenye kutaka kuficha na abishe hodi kwa mwenye mahali au kwa serikali ya mtaa, aandike juu ya kopo lake kuwa ni la nini, na asilisogeze karibu na kaburi, shule wala msikiti. Furaha ya mmoja isiwe fadhaa ya mtaa mzima.

Limebaki jambo moja, nalo laonekana dogo. Katika mchezo huu aliyetafuta akakosa hutakiwa aandike waziwazi: nilitafuta, sikuona. Wengi huona haya kuandika hivyo, na wachache huandika kwamba wameona hali hawakuondoka hata vitini mwao. Kumbe kukiri kukosa ni msaada: wakikiri watu watatu, mwenye kopo hujua kuwa limepotea, huenda akaliangalia, akidanganya mmoja, wengine kumi huhangaika juani bure. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Nasi twaongeza: mtafutaji hadanganyi, na akidanganya amepoteza hata alichokuwa nacho. Mwandishi wa historia hana budi kulijua neno hili zaidi ya wote, maana kalamu yake pia hufanya kazi mahali pasipo shahidi.

Viunga vya Dar es Salaam vinajaa nyumba mwaka hata mwaka, na mahali patupu panapungua. Kunduchi ya makaburi sasa i katikati ya watu wengi. Mizimu haiogopwi kama zamani, na walinzi hawatoshi kwa kila jiwe. Kwa hiyo kijana aendaye huko na simu yenye ramani mkononi, kwa mchezo au kwa matembezi, akaona kigae cha buluu kimelala mchangani, na akitazame, akipige picha, aandike mahali alipokiona, atoe taarifa, kisha akiache. Hakuna atakayemsifu, maana hakuna aliyemwona. Lakini yule aliyepachika bakuli katika chokaa mbichi, akaondoka bila ya kuweka mlinzi, atakuwa hakumwamini bure.